Sauti Yangu Juu ya Sauti ya Bi Nunuu

Wanangu, kazi ya kurikodi kanda ilikuwa kazi ya kungoja. Nyinyi leo mnabonyeza tu, wimbo ushafika kwa mwenzako aliyeko Muskati hata mate hujameza. Sisi mteja akitaka kanda ya saa nzima, unakaa nayo hiyo saa nzima. Mashine mbili mezani, moja inaimba, moja inasikiliza, na weye katikati unachunga utepe usije ukaliwa. Umeme ukikatika, unaanza upya. Mteja anarudi, anakuta bado, anakufokea, unamtilia kahawa mpaka apoe.

Duka langu lilikuwa Mchangani, pale wanapouza sasa mikoba ya ukili na fulana za watalii. Juu ya mlango niliandika kwa mkono wangu, MAKAME FUNDI WA SAUTI SAFI, kwa rangi ya buluu iliyobaki mjomba wangu alipopaka madirisha. Kanda zishakwisha, duka lishakwenda, lakini jina la Makame Kanda nnalo mpaka leo. Hata wajukuu zangu huulizwa, "Wewe wa Makame yupi? Yule Kanda?"

Siku hizi vijana huja barazani kwetu Kikwajuni kuuliza habari za jazi, hasa tangu nyimbo za zamani zilipoanza kutolewa upya. Wanataka kujua nani alipiga gitaa na nani, na watu wakivaa nini kwenda dansini. Nnawapa, sina uchoyo. Lakini habari iliyo moyoni mwangu hawaniulizi, nayo ni ya Zuwena, mshona kofia, na maneno aliyoambiwa na mamake akiwa mtoto mchanga. Zuwena alitaka kuyasikia maneno hayo maisha yake yote. Mtu aliyesimama baina yake na maneno hayo ni mie.

Kwanza tuelewane. Jazi kwetu si ile ya Wamarekani. Bendi yoyote yenye magitaa, ngoma za kizungu na saksafoni, na watu wakainuka kucheza, tuliiita jazi. Maalim Khatib, mwalimu mstaafu, mwenzangu wa barazani, hataki kusikia hivyo. Yeye ana nyimbo za Wamarekani weusi tangu ujana wake, na akizisikiliza hufumba macho akakunja uso, utasema jino linamuuma.

"Zenu hizo dansi, yakhe," hunambia. "Jazi ni elimu."

"Elimu yako haichezeki, Maalim."

"Si ya kucheza! Ni ya kutafakari!"

"Basi katafakari kwako, utuachie kiti."

Ndivyo tunavyokaa kila siku baada ya alasiri. Nusu ya mazungumzo muziki, nusu maradhi. Khatib atasema hii saksafoni wameisafisha mno, haina tena pumzi ya mtu ndani yake, na hapohapo atauliza kama dawa ya presha hunywewa kabla ya kula au baada. Nami namjibu yote mawili. Tunasema pweza hanunuliki, maji ya mfereji hayakutoka tangu jana, mwanangu aliyehamia Fumba kwenye majumba mapya hanipigii simu mpaka aumwe. Halafu mtu anaweka wimbo kwenye simu na sote tunanyamaza. Ukiisha tu, tunarudi kwenye pweza.

Zuwena nyumba yake ndiyo yenye baraza hiyo. Yeye hukaa ndani ya mlango, kofia pajani, sindano mkononi, na masikio yote nje. Mara nyingi humrekebisha Khatib pasipo kuinua macho. "Si yule aliyepiga tarumba hapo, Maalim. Ni nduguye." Na huwa kweli, maana hakuna anayezijua nyimbo za Marashi Jazz kama yeye.

Marashi Jazz ilikuwa bendi ya mtaani kwetu. Mwimbaji wao Bi Nunuu, na Bi Nunuu ndiye mamake Zuwena.

Nitamfikia. Lakini acheni kwanza niwape ya kazi, maana hamtaielewa habari yenyewe bila hiyo.

Aliyenifundisha ni Bwana Tahir, fundi wa redio, Mtumbatu, mkali kama pilipili mbuzi lakini mkono wake mwepesi. Alinifundisha kunusa utepe kabla ya kuupiga. Kanda ikinuka uvundo ina ukungu, usiitie kwenye mashine, itakuchafulia hedi, kile kichuma kinachosoma sauti, na kila kanda itakayofuata itasema kama mtu mwenye mafua. Itie ndani ya mchele mkavu, ifunge, iache. Alinifundisha kusafisha hedi kwa pamba na spiriti kila asubuhi kabla hujasema na mtu. Kwetu hapa chumvi iko hewani, chuma hakilali salama.

Spiriti iliwahi kunishia, nikachukua manukato ya mke wangu. Hedi zikatakata vizuri tu, lakini duka zima likanuka chumba cha bibi harusi. Mteja mmoja wa Amani akaenda nyumbani na kanda yake, mkewe akainusa. Lahaula! Yule bwana alirudi kwangu amenuna, ananiomba nifuatane naye nikaape mbele ya mkewe kwamba harufu ile ni ya fundi. Nikaenda, nikaapa. Mke akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Na wewe fundi mzima unajipaka haya?"

Sasa habari ya muhuri.

Zama hizo maduka ya kanda yalijaa Mchangani na Darajani. Mie nahangaika kuutafuta wimbo, nambembeleza mwenyewe mpaka anipe, na jirani yangu anamtuma shangazi yake aje kununua kanda moja kwangu. Jioni wimbo uleule unauzwa kwake. Dawa ya hayo ilikuwa kutia muhuri. Unatengeneza kanda ya kwanza, tuliyoiita masta, ambayo nyengine zote zinanakiliwa kutoka kwake. Unapoitengeneza unafungua kipaza sauti na kutia maneno yako juu ya wimbo. Ukishasema umesema. Nakala yoyote itakayotoka hapo, hata ikopiwe na nani, weye umo.

Kila duka na muhuri wake. Mmoja akipiga mluzi. Mmoja akikohoa tu, ati anaogopa watu wa kodi wasijue jina lake. Mie nilikuwa kijana, naipenda sauti yangu, wangu ukawa mrefu kuliko wote:

"Kanda hii inatoka kwa Makame, Mchangani, fundi wa sauti safi! Ukinunua kwengine, umenunua kelele!"

Ile "safi" naivuta, na "kelele" naikata kwa madaha. Watoto walinipigia ukelele njiani, "Umenunua kelele!" Nilipokwenda kuposa, shemeji zangu walinisomea wote kwa pamoja, nami nikavimba kichwa. Kanda yangu moja ya harusi, ambayo nilisahau kufunga kipaza sauti, imo sauti yangu nikiagiza urojo na bajia zaidi. Hata hiyo watu waliipenda.

Bwana Tahir alikuwa na sheria juu ya muhuri, nami niliishika kama dini. "Usiutie juu ya muziki," alinambia. "Mteja kanunua muziki, ukimharibia umemdhulumu. Tafuta mahali penye maneno matupu, mtu anasalimia, anataja bendi, anahesabu. Hapo tia. Maneno hayana mnunuzi." Nami nikaona hiyo ndiyo adabu ya kazi. Wenzangu walikuwa wakijitia popote, katikati ya saksafoni, wanalaaniwa mji mzima. Mie nikasifiwa kwamba Makame anajua pa kuingia.

Basi Marashi Jazz wakavuka bara kurikodi, wakarudi na rili moja, ule utepe mpana unaozungushwa kwenye gurudumu kubwa. Kiongozi wa bendi aliileta dukani imefungwa ndani ya kanga. Alikuwa na wivu nayo, hakutaka ilale kwangu. Akaketi mlangoni kuningoja. Kanda tupu nilikuwa nayo moja tu ya maana, siku hizo hazikuwa zikipatikana. Nikaazima mashine ya rili ya Bwana Tahir, nikaunganisha waya, nikaanza kusikiliza.

Wimbo wa kwanza ndio ule "Usingizi wa Mchana", ambao wazazi wenu wote wanaujua. Kabla ya gitaa kuna mwanamke anasema. Haimbi, anasema tu, karibu na kipaza sauti, taratibu. Halafu mtu anagonga hesabu kwa vijiti, gitaa linaingia. Nikaona hapa ndipo. Maneno matupu, muziki bado. Nikarudisha rili mwanzo, nikafungua kipaza sauti changu, na yule mwanamke alipoanza kusema nami nikaanza.

Mjue kwamba muhuri mzuri unataka jicho. Kwenye mashine kuna kishale kinachopanda na kushuka kwa nguvu ya sauti. Sauti yako lazima iwe juu ya ile iliyo chini yake, la sivyo hamtasikika nyote wawili, lakini ukizidisha kishale kinagonga upande mwekundu na sauti inapasuka. Kwa hiyo unasema huku macho yako kwenye kishale, hufikiri kitu chengine. Niliupata kwa mara moja. Nilimaliza "kelele!" na chini yangu mwanamke akamaliza neno lake, "…nangu," vikafuata vijiti, likafuata gitaa. Hata kiongozi wa bendi alinipiga kofi la bega. "Umeingia vizuri," alisema.

Ile rili aliondoka nayo jioni ileile. Masika yaliyofuata paa lake lilivuja juu ya kabati, utepe ukashikana kama visheti vilivyomwagiwa shira, wakautupa. Bi Nunuu naye hakukaa. Homa ilimchukua wakati Zuwena bado anatambaa. Hakuna picha yake inayoonesha uso vizuri. Kilichobaki ni kanda, na kanda zote zilitoka kwangu.

Zuwena kalelewa na bibi yake. Alipokuwa msichana, kiongozi wa bendi, mzee sasa, anaumwa, alimwita na kumwambia kwamba siku ile ya kurikodi yeye Zuwena alikuwepo, mchanga, kalazwa juu ya kanga karibu na ngoma. Mamake kabla ya kuanza kuimba alimgeukia akamwambia neno, na neno likarikodiwa, wakaona liachwe palepale kwa kuwa lilikuwa zuri. Neno gani? Mzee alikuwa upande wa pili na gitaa lake, hakulisikia. "Muulize Makame," alimwambia. "Yeye ndiye aliyeisikiliza rili."

Hakuniuliza. Miaka ikapita, mie sijui chochote, tunakutana njiani, "Shikamoo, Ami," "Marahaba, mwanangu," basi. Alikuwa ananiamkia kwa heshima kupita watu wote mtaani, nami nikidhani ni malezi mema tu.

Nakuja kwenye ya juzi.

Alikuja mzungu mmoja mpole, Kiswahili anakijua, anazitafuta nyimbo za bendi zetu azitoe upya kwenye santuri, zile sahani nyeusi kubwa. Alikaa nasi barazani siku nyingi. Alikula urojo wetu, akasikiliza presha ya Khatib, hakuchoka. Akasema ataiulizia rili bara, huenda walikorikodi walibakisha nakala, na pia atakusanya kanda zilizo nzuri huku kisiwani. Akaenda zake.

Hapo ndipo tuliposikia habari ya neno kwa mara ya kwanza. Khatib alikuwa anabashiri tu. "Rili ataipata. Bara kuna maghala, vitu havitupwi."

Sindano ya Zuwena ilisimama. "Ami," aliniita.

"Naam."

"Ikipatikana rili, yale maneno ya mama ya mwanzo yatakuwa wazi?"

"Yatakuwa wazi, mwanangu."

"Bila ya sauti yako?"

"Bila ya sauti yangu."

Akatueleza, kanga, ngoma, mzee wa bendi, ila la kwamba aniulize mie hakulitaja. Khatib alitoa miwani akaifuta. Mie moyo wangu uliruka, wallahi, maana miaka yote nilikuwa nikiusikia muhuri ule na kucheka. Kumbe mwenzangu alikuwa akiusikiliza kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Tangu siku ile nilikuwa nikiomba kila swala sauti yangu isiwemo. Mtu mzima naomba nifutwe.

Zilipotoka, mzungu alituletea santuri mwenyewe, moja ya Zuwena, moja yangu, akasema wamepata sauti nzuri kuliko walivyotarajia. Alikuwa anawahi gari ya Bwejuu, hakukaa, wala hatukumuuliza sauti ameipata wapi. Nafikiri kila mmoja wetu aliogopa kuuliza.

Mashine ya kupigia ilikuwa ya Khatib, na mkanda wake wa mpira ulishaoza zamani. Nilijaribu mpira wa kufungia mifuko, wimbo ukakimbia kama umefukuzwa na mbwa. Nikashona mpira wa suruali.

"Suruali ya nani?" Khatib akauliza.

"Usiulize. Sikiliza."

Ukaenda sawa. Na mkitaka kujua kama santuri inazunguka kwa mwendo wake, gundisheni kijikaratasi ukingoni mwa sahani, mkihesabu kinapita mara ngapi kwa dakika. Msilitegemee sikio, sikio hukubali haraka.

Zuwena alitandika mkeka. Alipika kahawa, akaweka kashata, akavaa kanga ambayo bibi yake alimwambia ilikuwa ya mamake, imechakaa hata maandishi hayasomeki. Simu zote akazitoa nje. Tulikuwa watatu tu, yeye, mie na Khatib. Akasema, "Bismillahi. Weka, Ami."

Niliweka. Ikakwaruza kidogo, halafu ukaja ule ukimya wa chumba cha kurikodia, ukimya wenye watu ndani yake. Nilimwona kafumba macho, kidole kwenye mdomo.

"Kanda hii inatoka kwa Makame, Mchangani, fundi wa sauti safi!"

Nyinyi hamjui. Walinisafisha, wanangu. Sijapata kusikika vizuri vile tangu siku niliyoisema. Kila herufi imo, na pumzi yangu imo, na ule ushaufu wangu wote wa ujana umo. "Ukinunua kwengine, umenunua kelele!" Khatib kwa mazoea alianza kucheka, kisha akajishika. Chini yangu ilisikika sauti ya mwanamke, ya kweli, iko hai, lakini haina maneno, kama mtu anayesema chumba cha pili. Ikaja ile "…nangu". Vijiti. Gitaa.

Zuwena aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Nilipoinua sindano akafumbua macho.

"Ami," alisema. "Wewe ulisikia rili kabla ya kutia sauti yako."

"Nilisikia."

"Mama alisema nini?"

Nyuma yake Khatib alikuwa ananikonyeza, ananitolea macho, mdomo wake unasema pasi na sauti: sema chochote. Na nilikuwa nacho cha kusema. Mama gani humwambia mtoto mchanga kitu kigumu kubuni? Lala, mwanangu. Ngoja nimalize, mwanangu. Lolote lingemtosha, angelala nalo mpaka kaburini. Lakini kila nikifungua mdomo nilikuwa nasikia ile sauti yangu ya santuri, na nikaona kama nitamtilia muhuri mara ya pili.

"Sijui, mwanangu," nilimwambia. "Nilikuwa naangalia kishale."

"Umesahau?"

"Sikusahau. Ningesahau kama ningelikuwa nalo. Mie nilisikia kuna mwanamke anasema, nikaona ni mahali pazuri pa kuingia. Sikusikiliza."

Alinitazama sana. Halafu akasema, hakupandisha sauti, "Mie kila nikikuamkia nilikuwa nnajiambia, huyu mzee analo neno langu. Siku nikitaka nitakwenda kuomba. Nilikuwa silitaki haraka kwa kuwa nilijua liko mahali salama."

Jamani. Nishazika watoto wawili na mke. Lakini kauli ile sijui niiweke wapi. Khatib alikuwa analia waziwazi, na neno lenyewe hata si lake.

Baadaye mzungu alipopita tena tulijua. Rili bara haikuwepo. Aliyotumia ni kanda ya mvuvi mmoja wa Fumba, nakala ya mwanzo kabisa ya dukani kwangu, iliyokaa ndani ya kopo miaka yote haikuchoka. Akasema angeweza kuanzia penye gitaa na kuniacha nje, lakini aliona sauti yangu ni sehemu ya historia, akanibakisha kwa heshima. Alitabasamu kunambia. Nilimshukuru, ningefanyaje? Hakuwa na kosa lolote.

Mjukuu wa Khatib akasema kuna programu za kompyuta sasa zinatenganisha sauti. Tulimpelekea kijana anayezijua, Amani huko. Akakaa nayo, akahangaika kweli, mtoto mzuri. Aliponitoa mie, Bi Nunuu alitoka pamoja nami. Ikabaki kama upepo kwenye kopo. Tulikuwa kwenye utepe mmoja, hakuna pa kutupasua.

Kwa hiyo nyinyi mnaowarikodi bibi zenu kwa simu, nawaombeni kitu kimoja. Nyamazeni. Msimwambie "ngoja, ngoja, sema tena vizuri." Msicheke juu yake. Msitie muziki chini yake wala majina yenu juu yake. Mtu akianza kusema jambo dogo kabla ya lile mlilolikusudia, hapo ndipo msikilize zaidi. Bwana Tahir, Mungu amrehemu, alinifundisha kila nnachokijua, na lile la kwamba maneno hayana mnunuzi nilimwamini. Natamani ningelibisha.

Baraza bado ipo. Zuwena hakutufukuza. Siku za mwanzo aliniamkia, "Shikamoo, Ami," sauti ileile, ila alikuwa hanitazami. Sasa ananitazama. Khatib amerudia Wamarekani wake, tunagombana, pweza bado hanunuliki. Habari ile hatuitaji.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake asubuhi, peke yangu, kufuata kofia aliyonishonea ya Idi. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anashona na anaimba, nami nikasimama uchochoroni kabla ya kubisha hodi, maana anayo sauti ya mamake, kila mtu anasema hivyo.

Alianza mwanzo kabisa, kama alivyousikia tangu utotoni. Kwa sauti ya chini, hana mzaha wowote, alisema, "Kanda hii inatoka kwa Makame, Mchangani, fundi wa sauti safi. Ukinunua kwengine, umenunua kelele." Akavuta uzi. Akasema, "…nangu." Kisha akaanza kuimba, nami nikarudi nyumbani pasipo kubisha.